Nyumba ya Dawa Isiyo na Mwenyewe

Sina uhakika kama mimi ndiye wa kuandika habari hii. Wapo waliofanya kazi kubwa kuliko yangu, ila wengi wao hawakujua kusoma, na mimi nilikuwa na madarasa yangu machache na mazoea ya kuandika kila jioni mambo ya siku. Ya mwaka ule niliyaandika kwa ufupi mno. "Leo tumekata fito." "Leo mvua bado." Nikiyasoma sasa naona kama yameandikwa na mtu aliyekuwa anapita njiani, akatupia jicho, akaendelea na safari yake. Huenda ndivyo nilivyokuwa.

Mke wangu alikufa mwanzo wa kiangazi. Ilikuwa homa. Alianza kutetemeka jioni, na asubuhi ya siku ya pili alikuwa hanitambui. Tukamweka kwenye machela, tukapokezana wanaume, tukashuka naye kutoka Mitole kwenda hospitali ya serikali ya Kivinje. Hatukufika hata Nangurukuru. Watu wameniuliza nilijisikiaje, nami sijui la kuwaambia. Nakumbuka bega la kulia lilikuwa linaniuma, na nilitamani zamu yangu iishe. Hayo ndiyo ninayoyakumbuka, na nisingependa kuongeza ambayo sikuyahisi.

Haukupita muda mrefu Bwana Shauri, Mzungu wa serikali wa wilaya yetu, akaja katika safari yake ya vilimani. Baraza lilifanyika mbele ya nyumba ya jumbe. Bwana Shauri alisema Kiswahili chake cha polepole, tukamwelewa vizuri. Serikali, alisema, ina dresa mmoja, yaani mtu wa kufunga vidonda na kupiga sindano, wa kuleta upande wetu, pamoja na sanduku la dawa. Inatoa na mabati, yako Lindi stoo. Lakini nyumba tujenge wenyewe, na lori la kuleta mabati tulitafute wenyewe. Mvua zikifunga njia kabla nyumba haijaezekwa, dresa atapelekwa pengine.

"Nyumba ya nyasi je, Bwana?" mtu mmoja aliuliza.

"Nyumba ya nyasi inavuja juu ya dawa. Mimi nataka bati."

Tuliulizana kuhusu kijiji cha ng'ambo ya mlima. Kumbe wao wameambiwa maneno yale yale, na atakayewahi ndiye atakayempata dresa. Kwa haki niseme kwamba wale nao walikuwa na wagonjwa wao, na njia yao ya kwenda Kivinje ni mbaya kuliko yetu.

Bwana Shauri alipoondoka, jumbe aliniita mbele.

"Huyu hapa alikuwa karani kwenye mkonge. Anajua kazi inavyopangwa."

"Nilikuwa nahesabu mitita ya mkonge tu," nikasema.

"Mitita si kazi?"

"Ni kazi."

"Basi. Tena sasa huna mke, una nafasi."

Watu waliguna. Sidhani jumbe alikuwa na nia mbaya. Alikuwa mtu wa kusema jambo lilivyo, na kweli nafasi nilikuwa nayo.

Kule mkonge, mashamba ya nyuma ya Lindi, nilikaa misimu michache nikiwa kijana. Kila asubuhi nyapara aliita majina, kila mtu akapewa kipande chake, yaani kazi yake ya siku hiyo, na aliyemaliza kipande alikwenda zake. Nilidhani hiyo ndiyo siri yote ya kazi kubwa, kuikata vipande. Kwa hiyo usiku sikulala sana, si kwa hamu, ni kwa sababu nilikuwa silali siku zile, nikaanza kuupanga ujenzi kichwani.

Nilianzia mwisho nikarudi nyuma. Kuna bonde la udongo mweusi kabla hujafika kwetu, ambalo mvua ya kwanza ikilipiga, hata baiskeli haipiti. Hapo ndipo mwisho wetu. Lori lazima lipite bondeni kabla ya mvua hiyo. Lori halina maana kama hakuna kenchi za kupigilia bati. Kenchi haziwekwi kama kuta hazijasimama. Kuta zinataka nguzo na fito, na fito zikatwe kabla watu hawajaanza kufyeka na kuchoma mashamba mapya, kwa sababu wakishaanza shamba huwapati tena. Nilipoupanga hivyo niliona umekaa vizuri. Nafikiri hata leo ungekaa vizuri, kama mpango. Nilitenga na siku za kupumzika kwa haki. Watu wa bondeni ni Waislamu, wa juu mlimani ni Wakatoliki, nami nikasema Ijumaa tunapumzika wote na Jumapili tunapumzika wote, ili pasiwe na upande uliofanya kazi huku mwenzake amekaa.

Siku ya kwanza wanaume walikuja wengi, na mapanga na mashoka. Wakaketi. Nikamgawia kila mtu kipande chake: wewe na wewe nguzo, ninyi fito, ninyi kuchimba mashimo. Hakuna aliyeinuka.

"Mwenye nyumba yuko wapi?" mmoja akauliza.

"Nyumba ni ya wote."

"Ya wote, ehe. Na chakula?"

"Leo kila mtu ajitegemee."

Wakatazamana. Walikaa mpaka jua likawa kali, wakaongea habari za nguruwe wanaokula mihogo, kisha mmoja mmoja wakaaga kwa adabu. Siku ya pili ikawa vile vile. Siku iliyofuata jumbe akawatishia kwa jina la serikali, wakafanya kazi kama watu waliofungwa. Walileta miti myembamba ambayo hata zizi la mbuzi lisingeikubali.

Kwa asiye wa kwetu nieleze. Kwetu mtu akitaka kujenga huita wenzake, na aliyeita ndiye anayepika. Yeye ndiye anayetia mkono kwenye nguzo ya kwanza kabla ya wote. Ukichoka unajua umechoka kwa ajili ya nani, na ukipinda kiambaza unajua nani atalala ndani yake na kukusema. Akifiwa, mnaweka zana chini mpaka arobaini ipite, kwa kuwa nyumba inayojengwa juu ya msiba haikai na uzima. Nilikuwa nayajua yote haya tangu sijaota meno. Sikuyaweka katika mpango kwa sababu kule mkonge hayakuwepo, nami nilikuwa najitahidi kufikiri kama mkonge.

Aliyelisema wazi ni fundi seremala. Alikuwa mtu wa juu mlimani, aliyejifunza ufundi misheni, na kabila lake na langu hutaniana, kwa hiyo alikuwa na ruhusa ya kunitukana hata msibani.

"Mtani," akasema, amekalia gogo, "umepanga miti, umepanga udongo, umepanga mpaka mvua ya Mungu. Mwenye nyumba hukumpanga. Sisi tukikosea tumwombe radhi nani? Mfalme wa Uingereza?"

"Basi tumchague mtu."

"Nani? Jumbe? Watu wa juu watasema amejijengea. Mimi? Wa bondeni watasema nyumba imekuwa ya misheni, watashika pua wakipita." Akafikiri kidogo. "Mwenye nyumba ni yule aliyefiwa kwa kuikosa nyumba yenyewe. Nani hapa amezika juzi juzi?"

Wote wakanitazama. Arobaini ya mke wangu ilikuwa imekwisha kupita, nikasema sawa. Jumbe akasema itakuwa kwa jina tu, serikali haitajua. Nilikwenda kwenye shimo la kwanza nikashika nguzo, watu wakaitikia, na kuanzia siku hiyo nyumba ile ikaitwa nyumba yangu. Sikuhisi kitu. Mti ulikuwa mbichi, ukaniachia utomvu mkononi.

Ikabaki nani atapika, maana mwenye nyumba mjane ana jiko bila mpishi. Jioni ile mama mkwe alituma mtu: "Mwambieni mkwe wangu nitapika. Asikaribie jikoni."

Kwetu mtu na mama mkwe wake hawaangaliani. Ukimwona njiani unaingia porini, naye anageuza uso, na ukitaka kumwambia jambo unatafuta mtu wa katikati. Miaka yote ya ndoa yangu nilimjua kwa sauti, kwa kanga zake na kwa jinsi alivyokanyaga. Baada ya msiba sikuacha kumpelekea kuni. Naziweka mlangoni, nakohoa, naondoka. Yeye naye hakuacha kunitumia kunde na mbaazi. Hatukuwa na la kusema, ila ulikuwa mlango, na sikuwa na mlango mwingine.

Alijengewa kibanda cha makuti karibu na eneo la kazi, akapika humo ugali wa muhogo na samaki mkavu wa Kivinje, na togwa ambayo pande zote mbili ziliweza kunywa. Kazi ikaanza kwenda. Yeye alisimamia zaidi kutoka nyuma ya makuti kuliko mimi nilivyosimamia kutoka mbele.

"Hivi huyo mwenye nyumba ana macho?" sauti ilitoka. "Nguzo ya pembeni imelala kama mlevi."

"Mwambieni mama imeonekana," nikajibu.

Fundi alikuwa ndiye mtu wa katikati, na alifurahia kupita kiasi. "Mama, mkweo anasema wewe angalia chungu chako."

"Sikusema hivyo!"

"Anasema hakusema, ila alitaka kusema."

"Mwambie," ikaja sauti, "nguzo isiponyooka, leo yeye anakula ukoko."

Watu walicheka mpaka wakaacha kusuka fito. Nilisikia kicheko chao jinsi unavyosikia mvua inayonyesha shamba la mbali. Lakini nguzo ilinyooshwa.

Nilikosea tena kwenye miti. Nguzo hazikatwi mwezi ukiwa mkubwa, zinaliwa na bungua, na mtoto yeyote wa kwetu anajua. Nilipanga zikatwe mfululizo. Wazee wakaweka mashoka chini mwezi ulipoanza kujaa, tukakaa tukisubiri giza, na siku zile zote zikapotea. Mkonge haukatwi kwa kufuata mwezi. Nilijilaumu, ingawa fundi alisema haidhuru, kwani kama ningewalazimisha nyumba ingesimama kwa miaka michache kisha ingetuangukia na dresa ndani.

Kuhusu lori, nilishuka kwa mguu mpaka Nangurukuru kwa Mhindi mwenye duka, ambaye lori lake lilipanda vilimani kuchukua ufuta. Alinisikiliza huku akimpimia mtu chumvi.

"Litatoka Lindi tupu, lipande kuchukua ufuta wa mwisho," akasema. "Likipanda tupu, litapanda na bati zako, mimi sipotezi kitu. Lakini mvua ikitangulia, sipandi. Usije kunilaumu."

"Sitakulaumu."

"Wote wanasema hivyo. Wakati wa kulaumu wananikumbuka mimi tu."

Alitimiza neno lake, na zaidi: pale pale dukani aliahidi kuongeza misumari ya kofia, ya kupigilia bati, ambayo hakuna aliyekuwa ameikumbuka, si serikali wala mimi.

Kuta zilisimama, zikakandikwa. Kenchi zikapanda. Milango fundi alikwisha kuitengeneza kwake. Mawingu yalikuwa yanajikusanya kila alasiri na kutawanyika, joto likawa la kukaba, na tukawa tunasikiliza sauti ya lori kila mtu kwa siri yake. Likaja asubuhi moja. Watu waliacha kila kitu wakakimbia kushusha mabati. Akina mama walipiga vigelegele. Dereva, mtu wa Lindi niliyemjua kidogo, akaniita pembeni.

"Pole, ndugu yangu. Kaka yako wa Mtanda, pale Lindi."

"Amefanyaje?"

"Amefariki juzi. Wamezika jana. Wanakusubiri kwenye matanga, nami narudi Lindi leo leo, nikichelewa mvua itanikuta bondeni."

Nikamshukuru. Kisha nikamwuliza kama amekumbuka misumari ya bati. Dereva alinitazama muda, akanionyesha gunia. Kaka yangu yule ndiye aliyenipeleka shule, na ndiye aliyenitafutia kazi mkonge. Nilikuwa nayajua haya pale pale nilipokuwa nahesabu misumari kwa macho.

Habari ilienea kabla sijafika kwa jumbe. Nyundo zilikuwa zimeshikwa tayari. Zikawekwa chini moja moja, polepole, watu wakanijia mikono mitupu kunipa pole, kisha wakakaa chini kando ya mabati kama watu wanaokaa matanga. Hakuna aliyefanya vibaya. Walinifanyia ambacho ningewafanyia.

"Kazi imesimama," jumbe alisema kwa upole. "Mwenye nyumba amefiwa."

"Endeleeni tu," nikasema. "Mimi naondoka na lori. Ninyi endeleeni."

"Tugonge misumari juu ya kichwa cha mtu mwenye msiba? Mgonjwa wa kwanza akifia humo, nani ataingia tena? Tutakuwa na dresa na hatuna wagonjwa."

"Mpaka arobaini ipite, bondeni hapapiti mtu. Bwana Shauri atampeleka dresa ng'ambo."

"Najua," akasema jumbe. "Najua, mwanangu."

Hapo ndipo nilipoona vizuri tulichofanya. Nyumba haikujengeka mpaka ilipopata mwenyewe, na sasa mwenyewe ndiye anayeizuia. Wakaanza tena kutafuta mtu mwingine. Mmoja akamtaja jumbe, watu wa juu wakaguna, na jumbe mwenyewe akakataa. Mwingine akamtaja fundi, zikaja kelele za bondeni, na fundi akasema afadhali apewe mbuzi kuliko kupewa lawama. Dereva alipiga honi. Wingu la kusini lilikuwa jeusi.

"Nyumba hiyo naipikia mimi."

Sauti ilitoka nyuma ya makuti. Watu wakageuka.

"Tangu shimo la kwanza mpaka leo, nani amewalisha? Anayeita watu na kuwapikia ndiye mwenye nyumba. Mliniona mimi mtumishi wa nani?"

Jumbe alikohoa. "Mama, nyumba mwanamke anaweza kuwa nayo, hilo halina ubishi. Lakini wewe nawe umo msibani. Aliyekufa ni kaka wa mkweo."

Akatoka nje ya kibanda. Nikageuka upande kama nilivyozoea, nikakodolea macho bati.

"Mkwe wangu kwa nani?" akauliza.

"Kwa binti yako."

"Binti yangu yuko wapi?"

Akajijibu mwenyewe.

"Hayupo. Basi ukwe nao haupo. Mtu akifiwa na kaka yake Lindi, mimi nampa pole ya jirani na kumtilia nazi kwenye mfuko wake. Sifungi kazi."

Wanawake wawili nyuma yake walishika vinywa. Jumbe akasema kwa sauti ndogo kwamba neno hilo lina uzito, na kwamba ukwe haukatwi na upande mmoja. Akanigeukia.

Nilijua ninachoulizwa. Kulikuwa na watu waliofiwa na wake zao wakabaki wana wa nyumba zile mpaka uzeeni. Nikikubali, kuni zangu hazina tena mahali pa kwenda, na mbaazi za kule si haki yangu. Nikikataa, mabati yatakaa chini yakisubiri pamoja nasi. Nilijaribu kuangalia ndani yangu kama kuna kitu kinachokataa. Sikukiona. Huenda kilikuwepo, sikukiona tu.

"Ni kweli," nikasema. "Ukwe umekwisha."

"Sema tena, mtani," fundi alisema, na siku hiyo hakuwa anatania. "Wa nyuma hawakusikia."

Nikasema tena.

Yule mama akaja mpaka mbele yangu, akanitazama usoni, kwa sababu sasa hapakuwa na cha kumzuia. Nami nikamtazama. Ana kovu dogo juu ya nyusi. Miaka yote ile sikujua. Alinitazama kama mtu anayesoma kitu kirefu, kisha akageuka, akainama, akaweka kiganja juu ya bati la kwanza.

"Haya, mnasubiri nini? Ugali unapoa na mvua inakuja."

"Mama mwenye nyumba, shikamoo!" fundi akaita kwa sauti ya kuimba.

"Marahaba. Panda juu, uache maneno."

Watu wakacheka, wakainuka. Nilipanda lori nikiwa na nguo zangu za kazi. Tulipofika bondeni nilisikia nyundo, kwanza moja, halafu nyingi, halafu mlio wa injini ukazifunika.

Nilikaa Mtanda msimu mzima wa mvua. Ilianza kunyesha siku chache baada ya mimi kufika, na njia ikafungwa. Nilisaidia watoto wa kaka, nilikaa kwenye duka dogo alilokuwa nalo mbele ya nyumba, niliuza viberiti. Sikuwa na habari ya nyumba ya dawa, kwa kuwa hakuna mtu aliyeshuka. Nilikuwa na muda wa kufikiria kupanga kazi. Nilipanga mvua, barabara, bati. Sikupanga kwamba mtu anaweza kufa, na jambo lenyewe nilipewa kwa sababu mtu alikufa. Sijui kama mtu anaweza kulipanga hilo. Huenda mwenye elimu zaidi anaweza. Nilifikiria pia watu wa ng'ambo ya mlima. Baadaye nilisikia kwamba kuta zao zilikuwa nzuri kuliko zetu, za mawe na chokaa, nao walikosa lori tu. Nilipouliza kwa nini, nikaambiwa hawakumjua mtu mwenye ufuta wa kuchukuliwa. Sisi tulimjua, jirani aliyemwuzia Mhindi ufuta wake wa mwisho. Hiyo siyo akili, ni jirani tu.

Mvua zilipopungua nilipanda kwa mguu. Njiani nilijikata na kisiki, na nilipofika kidonda kilikuwa kimeanza kutoa maji. Nyumba ilikuwa imesimama, bati zake bado zinang'aa. Upande mmoja ulikuwa umezidi kutokeza kuliko wa pili, nafikiri walipigilia haraka. Dresa alikuwa ndani, kijana mwenye kaptula ya kaki, mgeni kwetu. Nje palikuwa na mstari wa watu, na yule mama, mwenye nyumba, alikuwa anaupanga kwa fimbo nyembamba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Pole na safari. Una nini?"

"Mguu."

Akautazama, akanitazama mimi. "Kaa kule mwisho."

Nikakaa mwisho. Baada yangu akaja mwanamke amembeba mtoto mgongoni, miguu yake imejaa tope mpaka magotini. Mwenye nyumba alimwuliza ametoka wapi. Mwanamke akataja kijiji cha ng'ambo ya mlima, kwa sauti ya chini, kama anayetaja kosa. Watu wa mstarini wakageuka wote.

"Mgeni huingia kwanza," mwenye nyumba akasema. "Songeni."

Wakasonga. Mtoto alipopita alikuwa anapumua kwa taabu, macho nusu wazi. Mlango ukafungwa. Niliusikiliza mlango ule. Baada ya muda mtoto akalia, kilio cha hasira, cha mtoto aliyechomwa sindano, na mwanamke mmoja mbele yangu akasema alhamdulillahi. Nilitaka kusema nami. Nilisema, lakini kwa kumfuata yeye.

Adhuhuri ilifika zamu yangu ikiwa bado. Dresa alitoka akifuta mikono, akasema dawa ya vidonda aliyochanganya ya siku hiyo imekwisha, waliobaki warudi kesho.

Kesho yake nilifika kabla jua halijapanda. Mwenye nyumba alikuwa ameshafagia uwanja. Aliniambia nikae wa kwanza, kwa kuwa nilikuwa nimefika wa kwanza.